Marehemu wa Mlingoti Mmoja

Kidole gumba cha Otmari Mhagama kilikataliwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Alikipangusa kwenye koti lake jeupe, akakibandika tena juu ya kioo, na skrini ikamjibu vilevile kama mara ya kwanza: MAREHEMU HANA RUHUSA.

"Mtani," aliniita bila kugeuza shingo, "hii mashine yako leo imeamka na matusi."

Nilikuwa nimejikunja chini ya meza nikikaza nyaya za seva, na nakiri kwamba nilicheka. Nilidhani ni masalia ya mzaha wetu wa jana. Nilitoka nikijipangusa vumbi magotini, nikasogea kwenye skrini nimwoneshe tena jinsi Mhehe anavyomzika Mngoni bila kuchimba kaburi. Ndipo nikaiona ile rangi ya kijani. Kwenye kona ya skrini, palipokuwa na kitone chekundu wiki nzima, sasa palikuwa na cha kijani, maana yake njia ya Dodoma ilikuwa imefunguka na kituo chetu kilikuwa kinaongea na Daftari Kuu. Kicheko kilinikauka mdomoni.

"Kaa chini, Otmari."

"Nikae kwa nini? Nina mgonjwa."

"Kaa tu, nakuomba."

Hakukaa. Mngoni ukimwambia akae, ndiyo kwanza ananyoosha mgongo.

Naitwa Blandina Kikoti, fundi wa hifadhidata wa Kituo cha Afya cha Ilongo, juu kabisa kwenye vilima vya chai. Kazi yangu huwa naieleza hivi kwa watu: programu iliyo mezani kwa tabibu haina kitu tumboni, ni mdomo tu. Kila inachokuonesha imekiuliza kwa seva, na seva yaweza kuwa hapahapa ukutani au mbali Dodoma. Kinachoamua ni faili dogo la mipangilio ambalo mafundi hulifungua huku wakipiga miayo. Mstari mmoja unaiambia programu isome wapi. Mwingine unaiambia iandike wapi.

Jana yake nilikuwa nimemaliza kufunga seva mpya ya kituo, na nilitaka kuzijaribu fomu zote kabla ya kuifungulia kazi. Nilijaribu ya kuzaliwa, ya chanjo, ya rufaa. Ikabaki ya kifo, na hiyo haikubali jina la kubuni. Inataka mtu halisi mwenye namba yake ya taifa, kidole gumba cha tabibu na kidole gumba cha shahidi. Sasa nimuue nani? Kumwandikia mtu kifo ni uchuro, na yeyote mwingine pale kituoni angeninunia mwaka mzima. Lakini Otmari ni Mngoni na mimi ni Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakatuachia utani, na utani una sheria zake. Naweza kumwita maiti mbele ya mkewe. Naweza kwenda msibani kwao nikalala njiani kulizuia jeneza mpaka nipewe pombe. Yeye haruhusiwi kukasirika, nami siku yangu ikifika atanifanyia hayohayo.

Basi nikamuua. Yeye mwenyewe alivuta kiti akaketi pembeni yangu, akichangia maneno. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo niliandika: Alimwona Mhehe, akakimbia, akajikwaa. Alicheka mpaka akashika kifua. Fomu ilipodai kidole cha tabibu, hapakuwa na tabibu mwingine, akabandika cha kwake. Mimi nikabandika cha shahidi. Rekodi ikatokea, safi kabisa. Kisha nikaisafisha hifadhidata yote ya hapa, kama afanyavyo fundi baada ya majaribio, tukaenda kunywa chai.

Sasa nililifungua faili la mipangilio. Mstari wa kusoma: HAPA. Mstari wa kuandika: MBALI.

Nilibadilisha mmoja, nikausahau wa pili. Kwa kuwa njia ilikuwa imekatika, programu ilikiweka kifo cha Otmari kwenye foleni ya kwenda Dodoma, ikatuonesha kilichomo kwenye foleni kana kwamba kimeshahifadhiwa hapa. Niliyoisafisha ilikuwa hifadhidata tupu. Foleni yenyewe ilitulia ikingoja, na saa mbili na nusu asubuhi njia ilipofunguka, ikatembea.

"Umeniua kweli," Otmari alisema. Alikuwa amesoma juu ya bega langu. Sauti yake haikuwa na hasira. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, na hapo nami nikaukumbuka mdundo.

*

Alifungua vifungo viwili vya shati, akasogeza kisomeo kwenye kovu lake. Kisomeo kikaandika: ULIZO LIJALO SAA 12:00 JIONI.

Mdundo, ile mashine iliyopandikizwa kifuani mwake, si betri ya kuusisimua moyo, kama zile walizowekewa bibi zetu. Huu unasukuma damu wenyewe. Ulipoanza kutumika, watu walikufa huku damu ikiendelea kuzunguka, ndugu wakakataa kuzika, wakakaa matanga miezi na maiti ya vuguvugu chumbani. Serikali ikaona hapana. Tangu hapo kila mdundo nchini huuliza Daftari Kuu mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kama mwenye nao yupo. Ukijibiwa YUPO, unaendelea. Ukijibiwa MAREHEMU, unazima. Usipojibiwa kabisa, unazima pia, ndiyo maana kila kituo kina nakala ya daftari ya kujibu kwa niaba ya Dodoma njia inapokatika. Ulizo la asubuhi ile lilijibiwa na nakala yetu, ambayo ilikuwa bado haijapata habari za msiba.

Nilipiga simu Dodoma. Nilisikiliza kinanda cha kungojea kwa dakika arobaini, Otmari akiwa ameketi mbele yangu na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Ndahani hapa, dawati la masahihisho."

Nilimweleza yote. Nikamsikia akipekua, kisha akaanza kusoma kwa sauti ya kiofisi. "Otmari Mhagama. Miaka hamsini na miwili. Tabibu. Sababu ya kifo..." Akasita. "Alimwona Mhehe, akakimbia, akajikwaa."

Nilijifunika uso kwa kiganja.

"Dada, wewe kabila gani?"

"Mhehe."

"Na marehemu?"

"Mngoni. Na si marehemu, kaka yangu, yupo hapa, namwona."

"Mimi Mgogo," alisema polepole. "Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke kitini. Sasa, hapa naona kifo kimethibitishwa na tabibu Otmari Mhagama. Huyu naye ni nani?"

"Ndiye marehemu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Otmari alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Kamwene, kaka. Mimi ndiye. Nipo hai, nasikia njaa, nina mgonjwa ananingoja."

"Shikamoo, mzee wangu. Nakuamini. Lakini sauti haipokelewi kama ushahidi. Siku hizi sauti zinakandwa kama maandazi."

"Chukua kidole changu basi."

"Kidole chako kimefungwa. Kidole cha marehemu hakifungui kitu."

"Nije mwenyewe?"

"Jopo la masahihisho linakaa tarehe ishirini mwezi ujao. Hapo mnaleta mwili..." Akajikwaa. "Samahani, mzee. Hapo unakuja wewe."

"Mdundo wangu unauliza leo saa kumi na mbili jioni."

Kule Dodoma alisikika mtu mwingine akicheka kwenye dawati la jirani, mambo yake. Nilimnyang'anya Otmari simu.

"Simu hii mnairekodi?" niliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi irekodi vizuri. Aliyeandika kifo hicho ni mimi, Blandina Kikoti, fundi. Mipangilio niliifanya mimi na niliikosea mimi. Yeye nilimshirikisha tu."

"Imeshaingia." Kisha akashusha sauti. "Mtani wangu, nikwambie jambo moja la kiufundi tu, wala silo shauri. Daftari Kuu halimtafuti mtu. Linajibu likiulizwa. Moyo usiotuuliza sisi, hatuna la kuujibu."

Akakata.

*

Saa saba mchana simu ya Otmari iliita. Alikuwa binti yake, Alfonsa, ambaye harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ile, Songea. Daftari Kuu ni lenye adabu, humtumia ndugu wa karibu salamu za rambirambi pamoja na namba ya kibali cha mazishi. Nilisikia kilio chake nikiwa upande wa pili wa meza.

"Alfonsa, mwanangu, ni mimi baba. Sikufa."

Hakumwamini. Alikuwa akimfokea aliyekuwa akiiga sauti ya baba yake, akimwita mwizi, mchawi, asiyeogopa Mungu. Otmari alimwacha afoke mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akamwambia kwa upole, "Ulipokuwa darasa la tatu uliiba sukari ya sherehe ya komunio ya kaka yako, ukaificha kwenye kiatu changu. Nilikivaa. Sijamwambia mama yako mpaka leo." Halafu kikaja kilio cha aina nyingine, na hicho kilikuwa kibaya zaidi kukisikiliza.

"Jumamosi nitakuja," alimwambia. Aliponitazama baada ya kukata simu, niliangalia sakafu.

Maana nilikuwa nimeshaujua mlango. Nilikuwa nimeuona tangu Ndahani alipokata simu. Kwenye seva ya kituo kuna mstari mmoja uitwao CHANZO. Ulisema MBALI. Ningeandika HAPA, kituo kizima kingejitenga na Dodoma, mioyo yote mia mbili na kumi na miwili ya Ilongo ingeuliza nakala yetu, na nakala iliyojitenga inanikubalia kuisahihisha. Kazi ya dakika kumi. Ningerudisha neno YUPO mbele ya jina la mtani wangu, nikaenda nyumbani nikalale.

Isipokuwa chumba cha pili, kitanda cha dirishani, alikuwa amelala Tulizo Mgimba.

Tulizo ni dereva wa mashine ya kuchuma chai, miaka ishirini na sita. Tangu ajifungue, mdundo wake na moyo wake havielewani, kila mmoja unapiga wimbo wake. Wiki nzima njia ilipokatika, Otmari alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, kwa sababu sisi huku hatuna mtu wa kuupatanisha moyo na mashine. Asubuhi ile njia ilipofunguka tu, daktari bingwa aliyeko pwani aliingia kwenye mdundo wa Tulizo kupitia njia hiyo ya Dodoma akiwa hukohuko mbali, akaanza kuurekebisha pigo kwa pigo. Alituonya kwamba ingemchukua mpaka kesho mchana na kwamba asikatwe katikati. Mtu mzima akisema asikatwe, ana maana.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia kwamba daktari alikuwa anatia chumvi, kwamba Tulizo alikuwa na uwezekano wa kupona na Otmari hakuwa nao, kwamba yule alikuwa mgonjwa tangu zamani na huyu nilimuua mimi kwa mkono wangu nikicheka. Hilo la mwisho ndilo lililonisukuma. Saa nane na robo, Otmari alipokwenda kumpima Tulizo, niliufunga mlango wa chumba cha seva, nikakaa mbele ya kibodi. Nilifuta neno MBALI. Nikaandika HAPA. Ilibaki kubonyeza kitufe kimoja tu cha kuthibitisha.

Mlango ulifunguliwa nyuma yangu.

"Nilijua," Otmari alisema.

"Toka."

"Mtani, nitazame."

"Nimesema toka, Otmari! Utakufa saa kumi na mbili. Unaelewa? Si mzaha tena."

"Naelewa kuliko wewe, moyo ni wangu." Alikuja akasimama kando ya skrini. Uso wake ulikuwa umesawajika, na nikaona kwamba alikuwa anaogopa, anaogopa sana, jambo ambalo hakuwahi kunionesha kwa miaka sita tuliyofanya kazi pamoja. "Mimi umeniandikia kifo bila kujua. Tulicheka wote wawili, na kidole ni changu. Ukimkata Tulizo utakuwa unajua. Hiyo haitakuwa utani wala kosa la fundi. Na mtoto wake ana wiki tano."

"Naye asipokufa? Labda atavumilia."

"Labda. Wewe ungekubali labda hiyo kama angekuwa dada yako?"

Nililia? Hapana. Nilimtukana. Nilimwita majina yote niliyorithi kwa bibi yangu na mengine nikayatunga palepale. Alisubiri nimalize. Kisha nikafuta HAPA, nikarudisha MBALI, na mikono yangu ikawa mizito kama nimebeba maji kutoka bondeni.

"Yule Mgogo alisema nini?" Otmari aliuliza. "Rudia maneno yake."

"Moyo usiotuuliza sisi, hatuna la kuujibu."

"Alisema moyo. Hakusema mioyo."

Nilimtazama. Tabibu huyu hajui tofauti ya seva na friji, lakini miaka ishirini na mitano ya kuwasikiliza wagonjwa imemfundisha kusikia maneno.

*

Njia ya moyo mmoja ilikuwepo, na nilikuwa sijaitazama kwa sababu inatisha. Mdundo mmoja mmoja nao una faili lake dogo la mipangilio. Ndani yake mna anwani ya seva ya kuulizwa. Ningeweza kuwaacha watu mia mbili na kumi na mmoja waendelee na Dodoma, nikamwelekeza Otmari peke yake kwenye hifadhidata nyingine, ya kwake, hapahapa kituoni. Shida ni kwamba mdundo huisoma anwani hiyo mara moja tu, unapoamka. Ili uamke lazima kwanza uzimwe, na kutoka kuzimwa mpaka kuamka ni sekunde arobaini.

"Moyo wako wenyewe una nguvu kiasi gani?" nilimuuliza.

"Mfuko wa karatasi uliolowa."

"Utabeba sekunde arobaini?"

"Sijawahi kumuuliza."

Nilichukua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo ikihifadhi orodha za vyandarua. Niliifuta, nikaweka programu ya seva, nikatengeneza hifadhidata yenye jedwali moja, na kwenye jedwali mstari mmoja: Mhagama, Otmari. Hali: YUPO. Nikaiunga kwenye mlingoti wa mawasiliano wa kituo kwa anwani yake yenyewe, na anwani hiyo nikaiandika kwenye faili la mdundo wa Otmari. Safari hii nilisoma kila mstari kwa sauti, Otmari akiitikia kama padri na waumini. Kusoma: HAPA. Hapa. Kuandika: HAPA. Hapa. Foleni ya nje: HAKUNA. Hakuna. Nilijaribu kuuliza mara kumi kutoka kwenye kisomeo cha akiba, na mara kumi nilijibiwa YUPO. Daftari la nchi nzima yenye raia mmoja.

Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini, alilala kwenye kitanda cha uchunguzi. Muuguzi pekee wa zamu alikuwa kwa Tulizo, na Otmari alikataa aitwe. Nilikuwa mimi tu.

"Kuna jambo moja," alisema nikiwa nimeshika kisomeo. "Usilie."

"Nani analia?"

"Nakwambia. Mtani halii. Akilia, watu wanajua imeshakuwa kweli. Wewe nitukane. Nitukane mpaka nirudi."

Ni kweli. Kwetu mtani ndiye anayecheka msibani wakati wenye msiba wamevunjika, na bibi yangu alinisimulia msiba mmoja tu aliouona mtani akilia, na watu wote wakaacha kuimba.

Nikabonyeza.

Uso wake ulibadilika palepale, rangi ikamtoka midomoni. Sekunde tatu. "Otmari Mhagama," nilianza, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine, "Mngoni usiye haya, umelala kwenye kitanda cha serikali na viatu." Sekunde nane. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakiniona. "Babu zako walikimbia kwa miguu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, milima, mito, simba, wakikimbia tu, na wewe unashindwa kukimbia sekunde arobaini?" Kumi na tano. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilikuwa nimeushika bila kujua. "Walipofika kwetu tukawachapa. Tukawachapa tena. Tukawaonea huruma tukawaachia mahindi. Unasikia? Hata hayo mahindi mliiba." Ishirini na mbili. Kifua hakikuwa kinapanda. "Otmari, mvivu wewe, hata kufa hujui, unathibitisha kifo chako kwa kidole chako mwenyewe, mjinga gani huyo?" Thelathini. Nilikuwa napiga kelele. "Binti yako anaolewa Jumamosi na kijana mwenye akili, nani atamwonya kuhusu ukoo wenu?" Thelathini na sita, saba, nane. Kisomeo kikapiga mlio. Arobaini. Arobaini na moja. Hakuna kitu. Arobaini na mbili. Nikafungua mdomo nimtukane mama yake mzazi, Mungu amrehemu.

Alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Alikohoa muda mrefu. Aliponiona, aligusa shavu langu kwa mgongo wa kidole, akakitazama kama kimelowa. Kilikuwa kikavu. Sijui nilikuwa nimeyaweka wapi machozi hayo.

"Mahindi hatukuiba," alinong'ona. "Mlitupa wenyewe."

Saa kumi na mbili jioni tuliketi wawili mbele ya ile kompyuta ya vyandarua. Mdundo uliuliza. Mstari mmoja ukasomwa. YUPO. Chumba cha pili Tulizo alikuwa amelala usingizi, na kwenye skrini yake pigo la moyo na pigo la mashine yalikuwa yameanza kukaribiana.

*

Kulikuwa na jambo ambalo nilimwambia kesho yake, baada ya daktari wa pwani kumaliza kazi na Tulizo kuomba ugali. Hifadhidata ya Otmari inafikika kwa mlingoti wetu tu. Mlingoti wetu unafika kilomita tisa. Mtu mwenye mdundo akivuka hapo, mdundo hukutana na mlingoti mgeni, na kabla ya jambo lolote huusalimia kwa kuuliza. Milingoti mingine yote nchini inaelekea Dodoma, na Dodoma ingejibu salamu.

"Kwa hiyo Songea siendi."

"Huendi. Mpaka jopo. Na jopo linataka uende mwenyewe Dodoma, nami sijui utapitaje njiani." Nilishindwa kuinua macho. "Nimeandika barua. Nimeomba waje wao. Nisamehe, Otmari. Nisamehe kabisa, siyo kwa utani."

Alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema anakwenda kumpima Tulizo, na kwa kuwa kidole chake kilikuwa bado cha marehemu, ilibidi niende naye nimfungulie mashine kwa cha kwangu.

Jumamosi Alfonsa aliolewa Songea, na kwenye cheti cha ndoa, mbele ya jina la baba, mashine iliandika marehemu. Hakungoja sherehe iishe. Jumapili alfajiri yeye, akiwa bado na shela lake, na mumewe na ndugu tisa walipanda gari la kukodi, wakaja.

Otmari hakukubali kuwangojea kituoni. Baba humpokea mwanawe mpakani, alisema. Basi tulitembea mpaka shamba la chai namba kumi na saba, ambako nilikuwa nimepima kwa kisomeo na kuchimbia mti wenye kitambaa chekundu pale mlingoti wetu unapoishia. Wahehe wa Ilongo walikuwa wametutangulia na ngoma, na kwa haki yao ya utani walikuwa wamefunga kamba ya kanga kukatiza barabara, wakiapa kwamba hakuna bibi harusi wa Kingoni atakayepita bila faini ya jogoo. Gari lilisimama ng'ambo. Alfonsa alishuka na gauni lake lililochafuka vumbi la barabarani, akasimama.

Otmari alimwona. Alianza kutembea. Alisahau kamba, akasahau mti, akasahau mimi. Kwenye kisomeo mkononi mwangu mawimbi ya mlingoti yakaanza kushuka, vijiti vinne, vitatu, viwili. Nilimrukia nikamshika koti kwa nyuma kwa mikono yote miwili, tukayumba pale kwenye mti, yeye akivuta mbele na mimi nikivuta nyuma, na watani wakaangua kicheko wakidhani ndiyo mchezo wenyewe.

"Alfonsa!" nilipiga kelele. "Njoo wewe! Yeye asije!"

Alikunja gauni, akapita chini ya kamba, akakimbia. Alimkumbatia baba yake kwa nguvu kiasi kwamba nilisikia vifungo vikidondoka. Alibandika sikio kifuani mwake, upande wa kushoto, akabaki hapo.

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa imefika. Mdundo ukauliza, kisomeo kikatetemeka mkononi mwangu, nami nikamkabidhi Alfonsa asome mwenyewe. Alisoma kimya kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, ili ndugu zake waliokuwa ng'ambo ya kamba wasikie.

"Yupo."

Ndipo nilipolia. Sikuweza kuzuia, nilikaa chini kwenye vumbi la barabara nikalia kama mtoto. Wahehe wakaacha kucheka. Aliyekuwa anapiga ngoma akaacha. Wangoni wote wakanigeukia, na nikaona hofu ikiwaingia machoni, wakimtazama Otmari, wakinitazama mimi, wakimtazama tena.

Otmari aliinama, binti yake akiwa bado amemng'ang'ania shingoni, akanishika bega.

"Nyamaza, mtani," aliniambia. "Watadhani nimekufa."